Kuupanda ukuta wa Elgeyo kwa baiskeli: kutoka Mto Kerio hadi Iten

Kutoka Kabarnet, juu ya milima ya Tugen kwenye takribani meta 2,000, lami inateremka hadi daraja la Chebloch, inavuka Mto Kerio, inakata sakafu ya bonde mpaka Biretwo, kisha inaukwea ukuta wa Elgeyo, genge refu la Bonde la Ufa nchini Kenya, kupitia Tambach hadi Iten, kwenye meta 2,400. Mwendo mzima ni kama kilomita 55. Kazi yenyewe iko kwenye zile kilomita 20 hivi za mwisho, ambako unapanda zaidi ya meta 1,100 na hakuna tambarare ya kutosha kupumzisha mapaja.

Wengi wanaoishia kupakia baiskeli juu ya matatu pale Tambach wana miguu mizuri tu. Walichokosa ni gia ndogo, saa nzuri ya kuondoka na maji. Kwa hiyo anza na baiskeli, kisha saa, halafu maji, na miguu iwe ya mwisho.

Gia

Baiskeli iliyozoeleka magharibi mwa Kenya ni Black Mamba: fremu ya chuma, magurudumu ya inchi 28, breki za fimbo, karia la kubeba gunia, na gia moja. Imeuzwa kwa majina mengi, Raleigh ya Uingereza, Hero na Avon za India, Phoenix ya China, lakini umbo ni lile lile. Ndiyo iliyozaa boda boda pale Busia miaka ya 1960, vijana walipoanza kuvusha watu na mizigo kati ya kituo cha mpaka cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita abiria "border, border". Kazi hiyo ikasambaa Kisumu, Kakamega, Bungoma hadi Nakuru. Pikipiki zilipomiminika, hasa baada ya serikali kuondoa VAT kwenye pikipiki ndogo mwaka 2008, abiria walihama, ila mitungi ya maziwa, mkaa na magunia ya mahindi bado yanapanda Black Mamba.

Kwa tambarare za Nyando na Ahero haina mpinzani. Kwa ukuta wa Elgeyo ni adhabu, na sababu yake unaweza kuipiga hesabu kwa kidole. Gia ya mbele huwa na meno kama 46, ya nyuma 18. Mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza baiskeli meta 5.6. Mwinuko huu ni wastani wa asilimia 6 hivi, na mtu wa kawaida aliyefanya mazoezi ataupanda kwa kasi ya kilomita 8 kwa saa. Kwa kasi hiyo miguu yako itazunguka mara 24 tu kwa dakika, kila mkanyago ukiwa kama kupanda ngazi na gunia mgongoni. Magoti yataanza kulia kabla hujaiona Tambach.

Sasa chukua baiskeli ya milimani ya mitumba, zile za gia tatu mbele, ambazo hazikosekani kwenye maduka ya Nakuru na Eldoret. Weka gia ya mbele ya meno 28 na ya nyuma ya 34: mzunguko mmoja unakupeleka meta 1.7, na kwa kasi ile ile ya kilomita 8 miguu inazunguka mara 77 hivi kwa dakika. Hapo moyo unafanya kazi, misuli inapumua.

Kanuni ya kukumbuka dukani: gawanya meno ya gia ndogo kabisa ya mbele kwa meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Jibu likiwa chini ya 1, baiskeli hiyo inafaa. Likiwa 1 kamili, kama 34 kwa 34, inafaa kwa aliyezoea milima. Likizidi hapo, nenda ukijua utasukuma. Kusukuma si aibu. Wenye mizigo wamesukuma kwenye miinuko hii miaka yote, na chini ya kilomita 5 kwa saa unaenda kasi ile ile ya mtembea kwa miguu huku ukichoka zaidi.

Anayetaka kwenda na Black Mamba hata hivyo amwambie fundi amfungie friwili, yaani gia ya nyuma, ya meno 22. Meno 4 ya ziada yanahitaji mnyororo uongezwe pingili 2, au gurudumu la nyuma lisogezwe mbele kwenye mwanya wake kama kuna nafasi. Utapata meta 4.6 kwa mzunguko badala ya 5.6. Nafuu ipo, ila bado utashuka na kusukuma sehemu kadhaa, na friwili kubwa itafanya pedali ziwe nyepesi kupita kiasi ukirudi tambarare.

Jambo moja linalosahaulika: jaribu gia ndogo kabisa ukiwa nyumbani, ukiwa umeketi, ukikanyaga kwa nguvu. Kebo ya gia ikilegea kidogo, mnyororo hugoma kupanda kwenye gia kubwa ya nyuma; ikikazwa kupita kiasi, mnyororo unaweza kuipita na kuangukia kwenye spoki. Skurubu ya mpaka kwenye kibadilisha gia ndiyo inayozuia hilo. Fundi akimaliza, mwombe auviringishe mnyororo hadi mwisho na ausukume kwa kidole kuelekea spoki. Usipovuka, sawa. Spoki zilizokatika upande wa mnyororo haziwezi kubadilishwa kando ya barabara bila kuvua friwili, na kifaa cha kuvulia friwili hakibebwi na mtu mfukoni.

Breki, ambazo ndizo zitakazokuzika au kukurudisha nyumbani

Hata kama lengo lako ni kupanda, utateremka kwanza. Anayetoka Kabarnet anashuka milima ya Tugen. Anayetoka Iten anashuka ukuta wenyewe ndipo aupande. Watu hukagua breki kwa kuzibana wakiwa wamesimama, wakaridhika. Kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu mteremko wa kilomita 20.

Uzito wa mtu na baiskeli ukiwa kilo 90, kushuka meta 1,100 kunatoa nguvu ambayo ikigeuka joto yote inatosha kuchemsha sufuria ya karibu lita 3 za maji baridi. Joto hilo linagawanywa kati ya upepo na breki. Ukienda polepole, kilomita 15 kwa saa, upepo hauchukui chochote cha maana na karibu mzigo wote unaangukia raba za breki, kwa zaidi ya saa nzima. Ukifika kilomita 40 kwa saa, upepo pekee unabeba zaidi ya nusu. Ndiyo maana mwoga anayekamata breki toka juu hadi chini ndiye anayeunguza rimu. Mwenye kutulia huiacha baiskeli ikimbie penye njia nyoofu anayoiona yote, anabana breki zote mbili kwa nguvu sekunde 2 au 3 kabla ya kona, anaachia, kisha anapita kona bila kubana. Kubana ndani ya kona kwenye mchanga ndiko kunakolaza baiskeli.

Ongeza abiria au gunia la kilo 90 na joto linakuwa maradufu. Mzigo wa aina hiyo usishushwe kwenye ukuta huu kwa baiskeli yenye breki za fimbo, hata mwenye mzigo akikuongezea malipo.

Kabla ya safari kagua hivi. Raba ziwe na unene wa milimita 3 au zaidi, zisiwe zimekauka na kung'aa; zikiwa zinang'aa, zisugue kwa msasa hadi zirudi rangi ya vumbi. Raba igonge rimu tu. Ikigusa tairi italitoboa ndani ya kilomita chache, na ikishuka chini ya rimu itaingia kwenye spoki. Kebo ikiwa na uzi hata mmoja uliokatika karibu na kishikio, ibadilishe, kwa kuwa hukatika pale pale na hukatika ukibana kwa nguvu zote. Kishikio kikibanwa kisiguse usukani. Kwa breki za diski, chungulia unene wa pedi na uhakikishe hakuna mafuta yaliyodondokea diski. Tone moja la mafuta ya mnyororo linaua breki nzima, na pedi iliyolowa mafuta hainawi ikatakata.

Breki za fimbo zina shida yake. Raba zake hupanda na kugusa rimu kwa upande wa ndani, na rimu yenyewe ni chuma kilichopakwa kromu. Ikiwa kavu inasimama kwa kusuasua. Ikilowa inateleza kama sabuni, na utabana meta nyingi kabla ya kushika. Mvua ikikukuta mteremkoni na Black Mamba, shuka utembee. Ile mbinu ya vijana wa boda boda ya kukanyaga tairi kwa soli ya sandali au akala isifanywe kwenye gurudumu la mbele hata kidogo: mguu ukinaswa kati ya tairi na uma, utaruka juu ya usukani.

Simama kila kilomita 5 ukiteremka. Sogeza mkono karibu na rimu au diski bila kuigusa, au dondosha tone la maji. Likitoa mvuke, ngoja dakika 10. Rimu ya moto kupita kiasi hulegeza gundi ya viraka vilivyo karibu nayo na kulainisha shina la valvu, na tairi linaloishiwa upepo ghafla kwenye kona ya Tambach halikupi nafasi ya kufikiri.

Matairi na miiba

Sakafu ya bonde ina migunga kila mahali, na miiba yake hupenya tairi jembamba kama sindano. Miiba mingi haiko kwenye lami. Iko pembeni, chini ya vivuli ambavyo ndivyo unavyovitamani. Ukitaka kupumzika, ibebe baiskeli toka kwenye lami hadi kivulini, usiiendeshe wala kuiviringisha. Ukirudi barabarani, zungusha kila gurudumu mara moja ukitazama.

Beba tyubu 2, viraka 6, solusheni, msasa, vijiko 2 vya kuvulia tairi na pampu uliyoijaribu. Kubandika kiraka njiani: sugua tyubu hadi mng'aro uishe, paka solusheni nyembamba, ngoja dakika 5 mpaka isinate kidoleni, bandika, bana kwa nguvu dakika 2. Anayebandika solusheni ikiwa mbichi atabandika tena mbele. Na kabla ya kurudisha tyubu, pitisha vidole taratibu ndani ya tairi lote, maana mwiba uliotoboa mara nyingi bado umekaa pale.

Upepo: kwa baiskeli ya milimani yenye matairi ya inchi 2, psi 45 hivi, kwa Black Mamba, 50, kwa matairi membamba ya milimita 28 na mtu wa kilo 75, psi 80 mbele na 85 nyuma. Tairi likijazwa mpaka liwe jiwe huruka juu ya mawe madogo badala ya kuyakanyaga.

Saa ya kuondoka

Ukuta wa Elgeyo unatazama mashariki. Jambo hilo dogo ndilo linalotawala siku yako. Jua likichomoza upande wa Tugen linaupiga ukuta moja kwa moja asubuhi yote, na mawe yanarudisha joto hilo kwako. Bondeni joto hupita nyuzi 30 kabla ya adhuhuri. Baada ya saa 10 alasiri jua huanza kujificha nyuma ya ukuta na barabara inapata kivuli, lakini ukianza wakati huo utamaliza gizani, na misimu mingi mvua huja alasiri.

Kwa hiyo alfajiri. Kukipambazuka, karibu saa 12 na nusu asubuhi, uwe juu ya baiskeli. Anayetoka Kabarnet atafika Chebloch kama saa 1 na nusu, Biretwo kabla ya saa 3, na ataingia Iten kati ya saa 5 na saa 6. Anayetoka Iten kushuka na kupanda tena ana nafuu: anafika chini saa 1 na nusu, anakunywa chai, na saa 2 ameshaanza kupanda jua likiwa bado changa. Kwa mara ya kwanza, njia hii ya pili ni bora, kwa kuwa unaposhuka unauona mwinuko wote utakaoupanda, kona kwa kona, na unachagua mahali pa kupumzikia.

Usitembee bondeni gizani. Ndovu wa hifadhi ya Rimoi, karibu na Biretwo, hawana taa wala honi. Upande wa kaskazini wa bonde, kuelekea Tot, umekuwa na visa vya wizi wa mifugo na risasi kwa miaka, hivyo baki kwenye lami ya Kabarnet na Iten na uulize hali ya usalama kabla ya kushuka; wenye matatu wanajua kabla ya mtu yeyote. Miezi ya mvua kubwa, Machi hadi Mei, na Julai na Agosti huku nyanda za juu, mawe huporomoka usiku na kulala barabarani asubuhi. Mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, ahirisha.

Maji na chakula

Kupanda kwa saa 2 na nusu hadi 3 kwenye joto hilo kunamaliza lita 3, wakati mwingine zaidi. Chupa 2 za fremu hazitoshi. Funga chupa ya lita na nusu kwenye karia kwa mpira. Maduka ya Biretwo na Tambach yana maji na soda, lakini kati yao usitegemee kitu. Mto Kerio si wa kunywa wala kuoga: una mamba. Vijana wanaoruka toka juu ya korongo la Chebloch wamekulia pale na wanajua maji yao. Tazama, piga makofi, endelea na safari.

Maji matupu peke yake kwa saa 3 za jasho huleta kichefuchefu na mikazo ya misuli. Lita 1 ya maji, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, ni kinywaji kile kile cha anayeharisha na kinafanya kazi ile ile. Tengeneza lita 1 hivyo, nyingine ziwe maji.

Kula kila saa hata kama huna njaa: chapati 1 na ndizi 1 vinatosha. Nyama choma ya jana usiku haisaidii kitu mlimani. Maembe na mapapai ya bondeni ni matamu na ya bei nafuu, ila ukila embe zima halafu ukaukabili mwinuko, tumbo litakukumbusha.

Kupanda kwenyewe

Kilomita 5 za kwanza ndizo zinazoamua. Miguu ina nguvu, barabara inaonekana pana, na wenzako wanaanza kuvutana. Waache. Ingia gia ndogo kuliko unavyodhani unahitaji, na uende kwa kasi inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukishindwa kusema, punguza. Mtu akitumia akiba yote chini ya Tambach, hakuna mahali pa kuirudisha, kwa kuwa joto likipungua juu, hewa nayo inakuwa imepungua.

Hewa ya Iten ina takribani robo tatu ya oksijeni iliyoko pwani. Bondeni ni karibu asilimia 87. Aliyezoea Kisumu, kwenye meta 1,131, ataihisi tofauti hiyo kuanzia Tambach: mwinuko ni ule ule lakini kifua kinadai zaidi. Aliyezoea Nakuru, kwenye meta 1,850, ataihisi kidogo. Dawa ni moja kwa wote wawili, shusha gia nyingine moja hapo Tambach hata kama miguu inakataa. Ukiona maumivu ya kichwa na kizunguzungu kwa pamoja, keti kivulini, kunywa, na usiendelee peke yako.

Keti sehemu kubwa ya njia. Kusimama juu ya pedali kunapandisha mapigo ya moyo haraka. Simama kila dakika 10 kwa mizunguko 20 hivi, kupumzisha makalio na mgongo, kisha keti tena. Kwenye kona kali upande wa ndani ni mkali zaidi kuliko wa nje. Kona ya kulia, ambayo kwako wewe unayebaki kushoto ni ya nje, hukupa mwinuko wa chini. Itumie kuvuta pumzi. Kona ya kushoto ndiyo ya ndani: ingia gia ndogo kabla hujaifikia, kwa sababu mnyororo ukibadilishwa gia huku umebanwa na uzito wote hukatika au huruka.

Malori na matatu yanapanda polepole na kushuka kwa kasi. Kaa kushoto lakini nusu meta toka ukingoni, si juu ya ukingo wenyewe. Ukiwa ukingoni kabisa dereva atakupita bila kuacha nafasi, na huna pa kukwepea. Na kudandia lori, ule mchezo wa kushika nyuma ya lori likuvute, umewaua wengi kwenye miinuko ya Bonde la Ufa. Lori likibadilisha gia husita ghafla, na dereva hana habari nawe.

Tambach ni mahali pa kusimama dakika 15, si 45. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa wilaya enzi za ukoloni kabla ya ofisi kuhamia Iten, na bado una duka, chai na kivuli. Ukikaa sana misuli inapoa, na kilomita zilizobaki zinaanza upya kama mlima mwingine. Wazee waliokaa kando ya barabara wasalimie "Chamgei"; utarudishiwa salamu, na mara nyingi taarifa ya hali ya barabara juu.

Kilomita za mwisho zina ubaridi na upepo. Fulana iliyolowa jasho inageuka barafu mgongoni, hivyo koti jepesi liwe juu ya mzigo, si chini yake.

Mazoezi ya kabla

Wiki 6 zinatosha kwa anayeendesha kila siku. Wa Nakuru wana Menengai: toka mjini hadi ukingo wa kreta, kwenye meta 2,278, ni zaidi ya meta 400 za kupanda. Ukiweza kuupanda mara 2 mfululizo na bado ukaongea, uko tayari. Wa Kisumu wapande toka Mamboleo hadi Kiboswa, washuke, warudie mara 3. Urefu wa muda ndio unaotafutwa: anza na dakika 40 za kupanda bila kusimama, malizia na saa 2.

Aliyeuzoea ukuta huu atafute na ule wa Kimwarer hadi Nyaru, barabara ya mgodi wa zamani wa fluorspar, kilomita 21 zinazofika takribani meta 2,700. Wakimbiaji huipanda kwa miguu. Ni kali kuliko hii.

Iten inajulikana kwa wakimbiaji, lakini ukuta huu una waendesha baiskeli wake. Kenyan Riders, timu iliyoanzishwa na Nicholas Leong wa Singapore, ilifanya Iten kambi yake kwa wazo kwamba kinachofaa mapafu ya mkimbiaji kitafaa ya mwendesha baiskeli. Katika timu hiyo alipitia Suleiman Kangangi wa Eldoret, aliyeshika nafasi ya 3 katika Tour du Rwanda ya mwaka 2017, kisha akawa nahodha wa Team Amani, na akafariki katika mashindano huko Vermont, Marekani, mwezi Agosti 2022. Ukiona kundi la vijana waliovaa sare likikupita kwenye kona juu ya Tambach, usijaribu kulifuata. Wako mazoezini, na wewe bado una kilomita za kumaliza.

Ukifika Iten

Vaa koti kabla ya kuketi. Chai ya maziwa yenye sukari na chapati kwanza, mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin, baadaye tumbo likitulia. Eldoret ni kama kilomita 35 mbele, sehemu kubwa ikiteremka, lakini ikiwa saa 8 imepita au breki zimechoka, panda matatu. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapandishwa juu. Vua gurudumu la mbele mwenyewe, ilaze upande usio na mnyororo, na ufunge fremu kwa mpira wako, kwa kuwa makanga atafunga kwa kupitisha kamba kwenye spoki, na utafika Eldoret na rimu iliyopinda baada ya kuupanda ukuta wote bila hata pancha.